Asiyetembelewa Kuliko Wote

Historia ikiandikwa na watu wenye haki, itasema kwamba Magige hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na shuka tu.

Shuka hilo la bweni, lililokuwa jeupe alipoingia kidato cha kwanza, alilitupia begani kama joho la askofu, akasimama mbele ya kidato cha nne katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Bunda, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye mamlaka. Ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Alfonsi, anayefundisha Kiingereza na kusimamia nidhamu kwa fimbo ileile anayoonyeshea ubaoni, alikuwa ameagiza kila mwanafunzi aje na sentensi moja ya kulinganisha mpaka kileleni. Sheria alishazieleza wiki nzima. Neno fupi huongezwa mkia, kwa hiyo “tall” akiwapita wenzake wote anakuwa “the tallest”. Neno refu halibebi mkia, hutanguliwa na “most”. Halafu kuna “good” na “bad”, ambayo hayafuati sheria ya mtu yeyote, kama watoto wa mkuu wa shule.

Sentensi moja. Magige alikuja na sherehe nzima ya tuzo.

“Silasi,” alitangaza, “has the loudest sandals in Mara Region.”

Silasi, kiranja wa lugha, alivuta miguu yake chini ya dawati, na kandambili zake zikapiga kelele kuthibitisha. Maharage ya shule yakafuata: “the most faithful beans”, maharage yenye uaminifu kuliko yote, kwa kuwa hayajawahi kukosa kufika mezani. Abraham akasifiwa kwamba hukimbia “the fastest”, mradi kengele iwe ya ugali. Mwalimu Alfonsi mwenyewe akatunukiwa “the most carefully combed head”, kichwa kilichochanwa kwa uangalifu kuliko vyote, na kwa jinsi nywele zilivyobaki chache kichwani mwake, darasa lilishikilia madawati lisianguke. Hata mwalimu alitabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeweka akiba.

Mtu mwenye akili angekaa hapo. Lakini Magige hakuumbwa kwa kukaa. Tangu asubuhi mwili ulikuwa unamwasha, na kicheko cha darasa humfanya kama kahawa inavyowafanya watu wazima. Akakumbuka kwamba kuna pia kilele cha kuelekea chini, kile cha “least”, ambacho hakuna aliyekigusa.

“And finally,” akasema, akishusha sauti kama msomaji wa tanzia redioni, “the least visited boy in the school. Masatu.”

Hicho ndicho kicheko kilichovuma kuliko vyote.

Masatu ndiye aliyelala kitanda cha chini, Magige cha juu. Alikuwa kijana mkimya, mwenye mikono mikubwa. Siku ya wazazi, wenzake wakikaa kwenye majani na mama zao wakila chapati na karanga, yeye huenda bombani kufua sare yake, taratibu, kila mfuko. Siku ile alicheka pamoja na darasa. Alicheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni aliyeambiwa utani wa familia asiyoijua. Chakula cha mchana hakuonekana. Jioni kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, na begi halikuwepo.

“Shangazi yake amepiga simu,” Mwalimu Alfonsi alimwambia Magige ofisini, bila fimbo, jambo lililotisha zaidi. “Yuko kwake Bweri, mzima. Anasema harudi. Jumatatu mnaanza mtihani wa mkoa.”

“Mwalimu, ilikuwa sentensi sahihi.”

“Ilikuwa sahihi kabisa. Na wewe ndiye utakayeifuata. Kesho asubuhi uende. Jumapili jioni naita majina getini. Masatu akiwepo, nawe umo. Asipokuwepo, usinisumbue kwa kuitika.”

Hivyo ndivyo Magige alivyojikuta Jumamosi barabarani, akiwa na sare na karatasi ya ruhusa. Kiti cha gari kilimkataa. Alikaa, akajisogeza, akafungua dirisha, akalifunga. Ili kujituliza alianza kuvisifia vilivyopita nje, zoezi lililomfurahisha siku zote: ng’ombe mwembamba kuliko wote, kanisa lenye rangi kali kuliko yote, mzee anayeendesha baiskeli polepole kuliko wote duniani bila kuanguka. Walipopita Kiabakari aligundua kwamba hacheki. Akaacha.

Bweri aliulizia kwa Judith anayeuza maandazi, akapelekwa kwenye nyumba mpya isiyopigwa lipu, yenye shamba dogo la mihogo ubavuni. Shangazi Judith alikuwa anageuza maandazi kwenye karai. Alimtazama toka viatuni mpaka kichwani.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Wewe ndiye Magige?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Kwa maneno yale nilidhani utakuwa mrefu.”

Magige alinyoosha shingo, akitafuta sentimita mbili za ziada.

“Alilala hapa,” shangazi aliendelea, akichomoa andazi kwa kijiti. “Alfajiri akaondoka kwenda kwa mama yangu, Mwitongo, kule Butiama. Ndiye aliyemlea. Nilimwambia rudi shule, akaniitikia ndiyo shangazi, akapanda gari la upande mwingine. Huyo hagombani na mtu. Anaondokaga tu.”

“Naomba nikamfuate.”

“Kamfuate. Na hawa gege umpelekee mama, maana huko samaki wanafika wakiwa wamezeeka.” Akamfungia samaki wakavu kwenye gazeti. Kisha akamwongezea maandazi mawili. “Hayo si kwamba nimekupenda. Mtu mwenye njaa anaomba msamaha vibaya.”

Alifika Mwitongo jua likiwa limeshapinda. Bodaboda alimwacha penye mawe makubwa, akamwonyesha mji wenye nyumba mbili na uzio wa minyaa. Uani alikuwepo bibi mdogo wa umbo, amekaa juu ya ngozi, anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta Magige alipobisha hodi.

“Karibu. Wewe ni nani?”

“Shikamoo bibi. Naitwa Magige. Ni rafiki yake Masatu.”

“Marahaba. Rafiki yake Masatu ni mume wangu wa pili,” alisema Bibi Gaudensia. “Lakini mbona ameletwa mwembamba hivi? Nitamlisha mpaka lini ndiyo anilimie?”

Bibi na mjukuu hutaniana. Hata nyumbani kwao Magige mambo ni hayohayo, na rafiki wa mjukuu huingia humohumo. Siku nyingine angejibu kwamba amekuja kudai chakula cha jana na juzi, wangeanzia hapo. Leo alikabidhi gege kwa mikono miwili na kubaki amesimama, akihamisha uzito mguu huu, mguu ule.

“Kaa basi. Unanichosha macho.”

Alikaa. Akasimama. “Masatu yuko wapi, bibi?”

“Amepeleka mbuzi kunywa maji. Ameniambia shule imefungwa. Nikamuuliza imefungwa na nani, akanyamaza.” Aliitazama sare yake. “Sasa na wewe umekuja umevaa hivyo. Hiyo shule iliyofungwa ndiyo imekuvalisha?”

Hapo Magige aliona njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kudanganya, na katika hiyo alikuwa fundi. Ya pili ilikuwa na miiba. Alishangaa kusikia mdomo wake umeshaanza ya pili.

“Haijafungwa, bibi. Mimi nilisema neno darasani, yeye akaondoka.”

“Neno gani?”

“Ni la Kiingereza.”

“Liseme la huku.”

Kwa Kiingereza lilikuwa neno jepesi, lenye joho. Magige alilitafuta kwa Kiswahili, akaona kwamba Kiswahili hakina mkia wa kubandika. Ukitaka kufika kileleni lazima uwalete watu wote. “Nilisema,” alianza, “kwamba Masatu ndiye mwanafunzi asiyetembelewa kuliko wanafunzi wote.” Na kweli wote wakaja. Wakajipanga pale uani mmoja mmoja, na mama zao, na vyombo vya chapati, na Masatu mwisho wa mstari, mikono mitupu.

Bibi Gaudensia aliweka ungo chini.

“Hiyo ni mimi,” alisema.

“Hapana bibi, sikukusema—”

“Nani mwingine? Mama yake tulimzika. Baba yake yuko visiwani anafuata dagaa, kurudi kwake ni bahati. Wa kumtembelea ni mimi. Asiyekwenda ni mimi. Ulinisema mimi, jina tu ndiyo ulikuwa hulijui.”

Magige alitazama mawe. Mawe hayakuwa na msaada.

“Nilishakwendaga,” bibi aliendelea, sasa kama anaongea na ulezi. “Mara moja, alipokuwa kidato cha kwanza. Nilibeba kuku nimempika na ugali wake. Nikamsalimia kama ninavyomsalimiaga hapa, Kizanaki chetu, na yeye akaniitikia. Basi. Akaja kijana mkubwa, akamvika ubao shingoni. Nikauliza ni nini, wakasema ameongea lugha ya nyumbani, ni kosa. Mjukuu wangu akala kuku yangu na ubao shingoni, amenyamaza. Nikasema sirudi kumletea adhabu tena mpaka niijue lugha yao.”

Magige alikijua kibao kile. Ni kipande cha mbao chenye kamba, huvikwa yeyote aliyeteleza nje ya Kiingereza, akabaki nacho mpaka amnase mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa amekivaa mara nyingi, akakirekebisha kila mara kama tai ya mbunge, watu wakacheka. Alijua pia kwamba siku ya wazazi sheria ile hulala. Kiranja wa mwaka ule alizidisha bidii tu. Kila mtu shuleni alilijua hilo. Kila mtu aliyekuwa na wa kumuuliza.

“Bibi, siku ile walikosea. Mgeni anaruhusiwa kuongea anavyotaka.”

“Sasa unaniambia,” alisema bibi. “Mimi nimeshaanza kujifunza. Kuna mtoto wa jirani yuko darasa la tatu, ananifundishaga jioni. Nimefika kwenye mbuzi.”

“Kwenye mbuzi?”

Bibi Gaudensia alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. “This is a goat,” alisema. “The goat is big.”

Magige, aliyewahi kucheka msibani, hakucheka.

“Baada ya ‘big’ kuna nini?” aliuliza bibi. “Yule mtoto anasema hawajafika.”

“‘Bigger’. Halafu ‘the biggest’.”

“Ndiyo nini?”

“Mkubwa kuliko wote.”

“Wote wa wapi?”

“Inabidi utaje, bibi. Wa hapa nyumbani. Wa Butiama. Popote.”

“Na hao wote wa Butiama, wewe umewaona?”

“Sijawaona.”

“Sasa unasemaje?”

Kabla hajapata jibu, kengele ndogo zililia nyuma ya uzio, mbuzi wakaingia wakisukumana, na nyuma yao Masatu, fimbo begani. Alimwona Magige. Hakubadilika uso. Alifunga lango la mbuzi kwa waya, akalikagua, ndipo akaja.

“Umefuata nini?”

“Wewe.”

“Umetumwa na Alfonsi.”

“Amenituma. Usipokuwepo kesho jioni, na mimi sipo.”

“Kumbe umejifuata mwenyewe.”

Lilikuwa pigo safi, na Magige, mtu anayeheshimu kazi nzuri, alilipokea. “Nilianza hivyo,” alisema. “Nisamehe, Masatu. Sikujua kama bibi alishakuja. Ungetuambia yaliyompata.”

“Ili bibi naye apewe tuzo?”

Mbuzi mmoja alipanda juu ya mwingine. Magige alijisikia kama amevaa shuka lile bado, na halitoki.

“Sirudi,” alisema Masatu, si kwa hasira. “Mtihani wa taifa nitafanya mwaka mwingine, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapa kuna kazi.”

Jioni yote Magige hakutulia. Alichota maji ambayo hayakuhitajika. Alipasua kuni, na kwa jinsi alivyozipasua bibi alimwomba asiendelee, kuni zilikuwa zinaumia. Alimfuata Masatu zizini, akamfuata jikoni, akaanza sentensi nyingi na kuziacha njiani. Kwenye ugali na gege ndipo Bibi Gaudensia alipokata shauri, akiwa na mwiba wa samaki kati ya vidole.

“Kesho baada ya misa mimi nakwenda Bunda. Nimechoka kuitwa hivyo. Atakayebaki abaki na mbuzi.”

“Bibi,” alisema Masatu, “lugha hujaimaliza.”

“Mbuzi wananitosha. Huyu mume wangu mwembamba ataniongezea kidogo kabla ya kulala.”

Masatu alitazama sahani. “Nitakusindikiza mpaka getini,” alisema mwisho. “Nikishakufikisha, nageuka.”

Mbuzi wakaachiwa yule mtoto wa jirani, na Jumapili Masatu akafanya hivyohivyo alivyosema. Alivaa shati la kanisani, si sare. Begi la shule alilibeba, lakini alipoulizwa alisema lina nguo za bibi. Njia nzima Magige alilitazama begi lile, akijaribu kulipima kwa macho kama ndani kuna madaftari. Gari liliposimama Kiabakari, Masatu alishuka kununua maji, na Magige akashuka nyuma yake, akapanda nyuma yake.

“Unanilinda?” aliuliza Masatu.

“Nanyoosha miguu.”

“Inyooshe ukiwa umekaa.”

Walifika shuleni jua likiwa jekundu kwenye mabati ya bwalo. Getini Mwalimu Alfonsi alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mlinzi, kitabu cha mahudhurio mapajani, anaita majina, na wanafunzi waliotoka kanisani mjini wanaitika na kupita. Ukutani, chini ya maandishi makubwa yanayoamuru kuongea Kiingereza tangu hapo, kilining’inia kibao, kikingoja shingo ya kwanza ya wiki. Silasi alikuja na kandambili zake, zikimtangulia.

Masatu alisimama hatua chache nje ya mstari wa geti. “Haya bibi,” alisema. “Umefika.”

Bibi Gaudensia alirekebisha kitenge. Alivuka geti peke yake. Alimwendea Mwalimu Alfonsi moja kwa moja, akasimama wima.

“Good morning,” alisema jioni ile.

“Good morning, madam,” alijibu Mwalimu Alfonsi, akasimama naye.

Bibi alitafuta cha kuendelea nacho. Alikuwa na neno moja la kitu, na neno hilo alikuwa amelibeba toka Mwitongo. Akageuka, akanyoosha kidole kwa kiranja wa lugha.

“This is a goat.”

Silasi aliangalia nyuma yake.

“The goat is the biggest,” alisema bibi. Kisha akakumbuka somo la jana, kwamba lazima utaje wa wapi. “In Bunda.”

Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni walisahau foleni. Mwalimu Alfonsi aliuma mdomo upande ule anaouwekea akiba. “Sentensi haina kosa,” alisema kwa Kiswahili, kwa uzito wote wa ofisi yake.

Na nje ya mstari, Masatu akacheka. Hakikuwa kicheko kile cha Ijumaa. Alicheka mpaka akainama, mikono magotini, na alipoinuka alimwambia bibi yake kitu kwa Kizanaki, kwa sauti, maneno marefu, na bibi akamjibu palepale kwa Kizanaki, akimnyooshea kidole, na yeye akamjibu tena huku anatembea kumwendea. Alikuwa ameshavuka geti.

Mkono wa Silasi ulikwenda ukutani kwa mazoea, ukashika kibao. Hapo ukakwama, kwa sababu kulikuwa na bibi, na mwalimu, na nusu ya shule inatazama. Masatu ndiye aliyemsaidia. Alikichukua, akajivika mwenyewe, akakiweka sawa kifuani, akaendelea na sentensi yake ya Kizanaki kutoka pale alipoiachia.

Bibi Gaudensia alikamata kibao kwa mkono mmoja, akakipima kiganjani kama anavyopima nyama buchani.

“Ndiyo hiki?” alisema. “Kumbe chepesi hivi.”

Wakaenda kukaa kwenye benchi la wageni, wote wawili, kibao kikiwa kati yao na mazungumzo, na mazungumzo yakikipita bila shida. Walikuwa wanasemana, hilo lilieleweka bila mkalimani. Magige alibaki getini, hajui miguu aiweke ndani au nje.

Mwalimu Alfonsi alirudi kwenye kitabu. Aliita majina kwa mpangilio wa herufi, akalifikia la Magige, akaliruka. Magige alilisikia likirukwa. Yakaitwa mawili mengine. Kisha:

“Masatu.”

Masatu hakugeuza uso. Alimaliza alichokuwa anamwambia bibi, akainua mkono wake mkubwa juu ya kichwa.

“Present, sir.”

Kisha akaendelea na Kizanaki chake. Kalamu ya mwalimu iliandika, ikapanda juu kidogo kwenye ukurasa, ikangoja.

“Magige.”

“Present, sir,” alisema Magige, na ajabu ni kwamba hakuongeza neno lolote. Akapita mbio kuelekea jikoni, kumtafutia bibi kikombe cha chai kabla wapishi hawajafunga.